Nyuma ya kigae: majibu ya maswali yenu kuhusu vigae vya ukutani

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kigae kipi ni kizuri, kimetoka nchi gani, kina bei gani. Uso wa kigae ni suala la macho na mfuko wa mwenye nyumba. Kinachoamua kama kitakaa ukutani miaka ishirini au kitadondoka kabla ya mwaka kwisha ni lipu, gundi na maji yanayopenya nyuma yake. Ndiyo maana majibu yetu mengi hapa chini yanazungumzia vitu ambavyo havitaonekana tena kazi ikishakwisha.

Bafu letu lina vigae vya poseleni vya sentimita 30 kwa 60. Fundi aliviloweka usiku kucha, akavibandika kwa uji wa saruji. Mwaka haujaisha, vinne vimeanguka na vingine ukivigonga vinalia vitupu. Fundi anasema nimeuziwa vigae feki. Kosa ni la nani?
*Mama mwenye nyumba, Morogoro*

Mama, okota kigae kimoja kati ya vilivyoanguka, ukigeuze. Kama mgongo ni safi, hauna hata chembe ya saruji, na ukutani imebaki alama ya mistari ya mgongo huo, saruji haikushika kigae. Kama mgongo umebeba saruji pamoja na kipande cha lipu, ugonjwa uko kwenye lipu: ilizidishwa mchanga au haikumwagiliwa maji. Kama umebeba utando mweupe wa skimu (unga laini wa kulainishia ukuta kabla ya rangi) au ngozi ya rangi, kigae kilibandikwa juu ya kitu ambacho chenyewe hakikuushika ukuta.

Kwa maelezo yako, tunatarajia ukute mgongo safi. Kigae cha kawaida cha ukutani, kile chepesi cha seramiki, hunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Kimejaa vitundu vidogo mno. Uji wa saruji unapogusa mgongo wake, maji yenye saruji huingia kwenye vitundu hivyo na kugandia humo. Mafundi wa zamani walikiloweka kwa sababu ya maana: kikiwa kikavu hufyonza maji yote ya saruji kabla haijashika. Poseleni ni jambo jingine. Haizidi nusu ya asilimia moja, maana yake haina vitundu vya kushikia. Ukiiloweka usiku kucha unachopata ni utando wa maji mgongoni, ambao unazidi kuitenga na saruji. Tena saruji tupu husinyaa inapokauka, na kigae hakisinyai. Miezi inavyopita viwili hivi huachana taratibu.

Kwa hiyo vigae si feki. Fundi ametumia njia inayofaa kigae cha aina nyingine.

Poseleni inataka gundi ya unga iliyochanganywa polima. Soma mfuko: tafuta alama C2, si C1, na herufi T inayoonyesha kwamba gundi haitelezi ukutani. C1 hutakiwa kustahimili mvuto wa takriban kilo 5 kwa kila sentimita moja ya mraba, C2 kilo 10.

Sasa marekebisho. Gonga vigae vyote kimoja kimoja kwa mpini wa bisibisi, vinavyolia vitupu vitie alama ya chaki. Vikizidi robo ya ukuta, bandua ukuta mzima. Kuviziba kimoja kimoja ni kulipa fundi mara tatu. Vikiwa vichache, kata kwanza grauti (kile kinachojaza maungio kati ya vigae) kuzunguka kigae kwa grainda ndogo au kikwaruzo cha grauti, ndipo uchokonoe, la sivyo utavunja majirani wake. Ondoa uji wote wa zamani kwa tindo mpaka uifikie lipu, piga brashi, futa vumbi. Vigae vizima vinaweza kurudi: vioshe mgongo kwa brashi ngumu, vikauke kabisa. Paka gundi ukutani kwa mwiko wa meno, kisha kwaruza tabaka jembamba la gundi hiyohiyo mgongoni mwa kigae kwa upande ulionyooka wa mwiko. Usikiloweke.

Nataka kununua vifaa vya bafu la mita 1.5 kwa 2 nisije nikarudi dukani mara nne. Nifanyeje hesabu?
*Msomaji, Dodoma*

Jumlisha pande zote nne: 1.5 + 2 + 1.5 + 2 ni mita 7. Ukiweka vigae hadi mita 2.1 juu, ni mita za mraba 14.7. Toa mlango wa sentimita 70 kwa mita 2.1, yaani 1.47, na dirisha la sentimita 60 kwa 60, yaani 0.36. Unabaki na 12.87. Ongeza asilimia 10 ya vitakavyokatwa na kuvunjika, inakuwa 14.2 hivi. Boksi la vigae 8 vya 30 kwa 60 lina mita 1.44, basi nunua maboksi 10. Ukitaka vilale mshazari, ongeza asilimia 15 badala ya 10.

Kabla hujalipa, soma ubavuni mwa maboksi namba ya toleo na ya kivuli cha rangi. Lazima zifanane kwenye maboksi yote. Vigae vya jina moja vilivyochomwa siku tofauti hutofautiana rangi kidogo, na hata ukubwa kwa milimita moja, na ukutani tofauti hiyo huonekana mchana kweupe. Weka vigae vinne au vitano akiba darini. Miaka mitano ijayo hutavipata dukani.

Gundi: kwa kigae cha ukubwa huo ni kilo 4 hadi 5 kwa mita ya mraba, kwa hiyo takriban kilo 58. Mifuko mitatu ya kilo 20 inatosha pasipo ziada, chukua minne. Grauti ya nafasi ya milimita 2 haifiki kilo 2 kwa bafu hili. Nunua 3, kwa sababu nyingine hubaki kwenye ndoo na sponji.

Mimi ni fundi kijana. Huwa naanza kubandika chini kwenye kona nikipanda juu, lakini nikifika katikati mistari inapinda, na konani nabakiwa na vipande vyembamba vibaya. Naanzia wapi?
*Fundi, Nakuru*

Usianzie konani, na usianzie sakafuni. Kona za nyumba nyingi hazina pembe mraba, na sakafu ya bafu haiwezi kuwa sawa kwa kuwa imeinamishwa kuelekea kwenye tundu la maji, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Ukifuata mojawapo, kosa lake unalipandisha mpaka darini.

Weka kwanza rula ndefu ya alumini ya mita 2 ukutani, wima, mlalo na mshazari. Ukiona mwanya unaozidi milimita 3 chini yake, sawazisha kwa lipu na usubiri ikauke. Fundi anayejaza mabonde kwa gundi nene anajitafutia balaa, maana gundi nene husinyaa na kukivuta kigae ndani siku ya pili, wakati wewe umeshaondoka.

Tafuta sehemu ya chini kabisa ya sakafu kando ya kuta zote, ukihesabu na unene wa vigae vya sakafu vitakavyokuja. Kutoka hapo pima juu kimo cha kigae kimoja na nafasi yake, weka alama, kisha izungushe chumba kizima kwa pima maji ya mpira wa maji au leza. Chini ya mstari huo kila kigae kitakuwa kizima au kimekatwa. Hakuna kitakachoacha pengo. Halafu chukua ubao mwembamba, uutie alama za vigae na nafasi zake, usimamishe juu ya mstari na uangalie safu ya mwisho itaishia wapi. Ikibakia sentimita 3 chini ya dari, shusha mstari ili safu ya chini ikatwe zaidi na ya juu ipate kipande cha maana.

Kwa upande wa mlalo, gawa ukuta katikati kwa timazi. Una njia mbili: kigae kikae katikati ya mstari, au ungio la vigae viwili likae juu ya mstari. Jaribu zote mbili kwenye karatasi. Ukuta wa mita 2 na kigae cha sentimita 60: ukiweka kigae katikati, vinaingia vizima vitatu na kila kona inabakiwa na chini ya sentimita 10. Ukiweka ungio katikati, vinaingia viwili na kila kona inapata kama sentimita 39. Njia ya pili ndiyo yako. Ukuta unaotazamana na mlango ndio wa kupanga kwanza, kwa sababu ndio jicho linaokutana nao.

Piga ubao ulionyooka ukutani, ukingo wake wa juu ukiwa sawasawa na mstari, na uanze kubandika safu ya pili juu yake. Ubao unabeba uzito usiku kucha. Kesho yake ung'oe, weka vigae vya sakafu, kisha malizia safu ya chini ya ukuta ukiikata kufuata mteremko. Safu hiyo ikikaa juu ya kigae cha sakafu, maji yanayotiririka ukutani yanaangukia sakafuni, hayaingii nyuma.

Kata za konani zipime juu na chini, kila kigae peke yake. Acha mwanya wa milimita 3 hadi 5 kwenye kona ya ndani. Na mteja akitaka vigae virefu vipishane mtindo wa matofali, usipishanishe nusu kwa nusu. Kigae kirefu huwa kimejikunja kidogo kutoka tanurini, katikati yake ni juu kuliko ncha. Ukikutanisha katikati ya kimoja na ncha za wengine, kingo zitachomoza. Pishanisha theluthi moja.

Jikoni ukuta una lipu, skimu nyeupe na rangi ya silki juu. Naweza kubandika vigae juu yake, nyuma ya jiko na sinki tu?
*Dada wa Mbezi, Dar es Salaam*

Dada, usibandike kabla ya majaribio mawili. Chora alama ya X kwa kisu mpaka rangi ikatike, bandika utepe wa gundi imara juu yake, uuvute kwa ghafla. Utepe ukitoka na rangi, rangi haifai kubeba kitu. Kisha paruza sehemu ndogo, weka sponji iliyolowa juu ya skimu kwa dakika 10, halafu isugue kwa kidole. Skimu ikigeuka tope mkononi mwako, ndivyo itakavyofanya nyuma ya sinki.

Skimu nyingi za madukani hushindwa jaribio hilo, kwa hiyo jiandae kuikwangua yote mahali vigae vitakapokaa. Ni kazi ya vumbi lakini si ngumu: lowesha, subiri, kwangua kwa chuma bapa. Ukifika kwenye lipu, igonge. Ikiwa imara, idonoedonoe kwa tindo, vishimo vya kina cha milimita 3 vikiachana sentimita 5 hivi, kisha fagia vumbi. Rangi ya mafuta iliyopakwa moja kwa moja juu ya lipu nayo inatolewa vivyo hivyo. Vishimo vichache juu ya rangi inayong'aa havitoshi.

Kama ukuta wenyewe umepigwa lipu ya jipsamu badala ya saruji, kuna masharti mawili. Hautakiwi kubeba zaidi ya kilo 20 kwa mita ya mraba, kigae, gundi na grauti vikiwa pamoja. Seramiki nyepesi inaingia ndani ya kiasi hicho. Poseleni nene haiingii. Pili, jipsamu na gundi ya saruji vikikutana na unyevu hujenga fuwele zinazokisukuma kigae nje. Paka praima (tabaka la kwanza la kupaka) ya kuvitenga, ikauke, ndipo ubandike.

Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa soketi, si kuzima swichi ya jikoni peke yake. Legeza vifuniko, bandika vigae mpaka ukingoni mwa boksi la soketi, na ununue skrubu ndefu zaidi kwa sababu ukuta umenenepa kwa zaidi ya sentimita moja.

Gundi inanikaukia kabla sijamaliza eneo nililopaka. Nikiongeza maji kwenye ndoo inalainika vizuri, lakini nimeambiwa ni vibaya. Mwiko wa meno ni lazima, au naweza kuweka madonge matano mgongoni mwa kigae?
*Msomaji, Kisumu*

Umeambiwa kweli. Gundi ikianza kushika ndani ya ndoo, fuwele zake zimeshaanza kuungana. Ukiongeza maji unazivunja, na hazitaungana tena kwa nguvu ileile. Itupe. Changanya kidogo kidogo. Tia maji kwanza, kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko (kwa mifuko mingi ya kilo 20 ni lita 5 hadi 6), ndipo umimine unga. Koroga mpaka iwe kama ugali laini, iache dakika 5 hadi 10, koroga tena bila kuongeza chochote.

Gundi ya kawaida huhesabiwa kuwa wazi, yaani bado inaweza kukishika kigae, kwa dakika 20 baada ya kupakwa, lakini muda huo umepimwa maabara kwenye nyuzi 23 za Selsiasi. Ukuta uliopigwa na jua la dirishani, au chumba chenye upepo unaokatiza, huupunguza hata kwa nusu. Paka eneo lisilozidi mita moja ya mraba. Lipu iliyokauka sana ipitishie sponji yenye unyevu kabla ya kupaka, isimeremete maji. Gusa gundi kwa kidole kila baada ya muda: isipoacha alama kidoleni, imefanya ngozi. Ikwangue, upake mpya. Vigae vingi vinavyoanguka vikiwa na mistari ya gundi isiyobonyea nyuma yake vilibandikwa juu ya ngozi hiyo.

Mwiko wa meno ni lazima. Meno ya milimita 6 kwa vigae vya 20 kwa 30, milimita 8 kwa 25 kwa 40, na milimita 10 pamoja na kupaka mgongo kwa 30 kwa 60. Mistari yote ielekee upande mmoja. Bonyeza kigae ukikisogeza kukatiza mistari, ili iangukiane na hewa itoke. Kila baada ya vigae kumi bandua kimoja utazame. Jikoni na sebuleni angalau asilimia 80 ya mgongo iwe imeshika. Ukuta wa kuogea, asilimia 95.

Madonge matano ndiyo njia inayopendwa kwa sababu inaficha ukuta uliopinda. Nyuma yake kunabaki mapango. Maji yakiingia hukaa humo, kona zisizo na gundi huvunjika ndoo ikizigonga, na siku ukitaka kutoboa tundu la ndoano la taulo kigae kitapasuka.

Kwenye maungio ya vigae vyangu panatoka unga mweupe. Nasugua kwa asidi, baada ya wiki mbili umerudi.
*Msomaji, Tanga*

Ni chumvi. Maji yanapita ndani ya ukuta, yanaiyeyusha chumvi iliyomo, yanafika kwenye grauti, yanakauka na kuiacha hapo. Asidi inaosha kilichotoka na kuila grauti, chanzo haikigusi.

Ukanda wa pwani chumvi hiyo mara nyingi ni ya mchanga wa bahari uliotumika kwenye lipu bila kuoshwa, au inapanda na unyevu kutoka msingini kwa sababu hapakuwekwa nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Angalia urefu. Unga ukiishia kama mita moja kutoka sakafuni ukuta mzima, ni unyevu wa msingi. Ukiwa mahali pamoja tu, tafuta bomba linalovuja: funga koki zote za nyumba usiku, soma mita ya maji, isome tena asubuhi.

Unga upige brashi kikavu, uuzoe. Ukiulowesha unaurudisha ndani. Kama lipu ndiyo yenye chumvi, hakuna dawa ya kupaka. Ibandue, upige lipu ya mchanga wa mto uliooshwa: mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 kwa ndoo 7 za lita 20 za mchanga, unene wa milimita 12 hadi 15. Imwagilie siku saba, kisha iache ikauke angalau wiki mbili kabla ya vigae. Wiki hizo mbili ndizo mafundi wenye haraka huziruka, na lipu inaendelea kusinyaa ikiwa tayari imebeba vigae.

Tunakaa ghorofa ya kwanza Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa. Tunataka bafu la vigae kutoka chini hadi juu.
*Familia, Unguja*

Tunawaomba msibandike vigae moja kwa moja kwenye ukuta wa zamani. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye unene wa nusu mita hivi, huvuta unyevu na kuutoa kwa kupumua. Mkiufunika kwa lipu ya saruji na vigae, unyevu hautoki. Unapanda na kutokea juu ya vigae au upande wa chumba cha pili, na chokaa inageuka unga. Lipu ya saruji ni ngumu kuliko chokaa iliyo nyuma yake, kwa hiyo inapoachia huchomoka na vipande vya ukuta.

Jengeni uso mwingine mbele yake. Kwa kuwa mko juu, msitumie tofali: sakafu zenu zimebebwa na boriti za mikoko, na ukuta wa tofali za inchi 4 una uzito wa kama kilo 200 kwa mita ya mraba. Simamisheni fremu nyepesi ya chuma kisichoshika kutu, mkiacha sentimita 5 za hewa kati yake na ukuta wa zamani, na matundu ya kupumulia chini na juu. Pigilieni mbao za saruji, si za jipsamu, kisha dawa ya kuzuia maji, kisha vigae vyepesi vya seramiki mahali pa kuogea tu. Kuta nyingine zibaki na chokaa.

Sakafu ndiyo ya kuogopa zaidi. Vigae na grauti havizuii maji. Hupunguza kasi yake tu. Pakeni dawa ya kuzuia maji mara mbili sakafuni na ipande ukutani, kila kona ikiwekwa utepe wake, kabla ya kigae cha kwanza. Zibeni tundu, jazeni maji sentimita chache, yaacheni saa 24 na mtazame dari ya chini. Boriti ya mkoko iliyoloa miaka miwili nyuma ya bafu huoza pasipo mtu kuona.

Na kwa kuwa Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, pitieni kwenye mamlaka ya hifadhi kupata kibali kabla ya kugusa ukuta.

Nyumba yetu huku ni fremu za mbao na mbao za jipsamu. Nimebandua vigae vya bafuni, nimekuta jipsamu ya kijani imeoza. Niweke nyingine kama hiyo?
*Msomaji, Minneapolis, Marekani*

Hapana. Ile ya kijani hustahimili unyevu wa hewani, si maji ya shawa, na kanuni za ujenzi wa nyumba za makazi huko Marekani ziliacha kuikubali nyuma ya vigae vya shawa tangu toleo la mwaka 2006. Bandua mpaka kwenye mbao za fremu, zikauke, badilisha zilizooza. Weka mbao za saruji za nusu inchi, skrubu za kuzuia kutu kila inchi 8, ukiacha mwanya wa inchi 1/8 kati ya ubao na ubao. Jaza mianya kwa gundi ya vigae pamoja na utepe wa wavu unaovumilia saruji, kisha paka dawa ya kuzuia maji mara mbili. Kama kati ya fremu na mbao za saruji kuna karatasi ya nailoni, iondoe au usipake dawa. Tabaka mbili za kuzuia maji hufungia unyevu katikati yake.

Nitatoboaje tundu la koki bila kukivunja kigae?
*Msomaji, Mwanza*

Kwa koki ya nusu inchi tumia kikata tundu cha almasi cha milimita 25 hadi 28, kwa sababu nyuzi za bomba peke yake ni milimita 21 hivi. Zima kitufe cha kugongesha kwenye drili. Anza kwa kuinamisha kikata mpaka kichimbe alama ya nusu mwezi, kisha kisimamishe polepole. Mwendo uwe wa chini, kimiminie maji wakati wote. Fanya kazi hiyo kigae kikiwa chini juu ya ubao, hakijabandikwa. Ukitumia grainda kukata kavu, vaa barakoa ya vumbi inayobana uso. Vumbi la poseleni lina silika, nayo huharibu mapafu.

Grauti yangu imetoka na madoa, pengine nyeusi pengine kijivu, na kwenye kona zote imepasuka.
*Msomaji, Mombasa*

Kona haziwekwi grauti. Kuta mbili husogea kila moja kivyake, na grauti haina mnyumbuko. Ichimbue konani na pale ukuta unapokutana na sakafu, kausha, ujaze silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuvu, uilainishe mara moja kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni. Hapo ndipo ule mwanya wa milimita 3 hadi 5 tuliomwambia fundi wa Nakuru unapofanya kazi yake.

Madoa yametokana na maji: ama ndoo moja ilichanganywa nyepesi kuliko nyingine, ama sponji ilikuwa inachuruzika wakati wa kufuta. Pima maji kwa kikombe kilekile kila unapochanganya. Subiri saa 24 baada ya kubandika, sukuma grauti kwa mwiko wa mpira ukikata maungio kwa mshazari, uache dakika 15 hadi 20 mpaka ikae. Sponji ikamuliwe sana, ipite mara moja kwa mshazari, igeuzwe, ioshwe. Iliyokwisha kukauka na madoa haisafishiki. Kwangua milimita 3 za juu kwenye maungio yote ya ukuta huo na ujaze upya kutoka mfuko mmoja.